Mla Kondoo wa Richfield

Kuna watu wanaozaliwa katika mashamba na wengine katika maduka. Ntwali alizaliwa katika ng'ombe, juu kabisa kwenye milima ya Kongo ya mashariki, na ng'ombe wana miiko yao. Mwiko mmoja wa nyumbani kwao ulikuwa kwamba kondoo haliwi. Kondoo alikwenda malishoni pamoja na ng'ombe, akalala nao zizini, akawatuliza kwa upole wake. Radi ilipopiga, wachungaji walijibanza karibu na kondoo, kwa kuwa walisema radi humwonea haya mnyama asiye na ubaya. Ngozi yake ilikuwa mbeleko. Mukandayisenga, mama yake Ntwali, aliwabeba watoto saba mgongoni katika ngozi moja ya kondoo, mkubwa akimwachia mdogo, mpaka ikamfikia Ntwali aliyekuwa kitinda mimba. Kwa mama huyo, kumla kondoo kulikuwa sawa na kumla yaya aliyekulea. Na aliyekula kondoo hakugusa tena chombo cha maziwa, maana ng'ombe wangekauka viwele.

Utauliza, ng'ombe gani? Swali hilo Shekinah, binti wa Ntwali mwenye miaka kumi na miwili, alikwisha kumwuliza bibi yake kwa Kiingereza cha shuleni, na bibi akajifanya hajasikia. Ng'ombe thelathini na wanne wa familia ile waliswagwa na watu wenye bunduki mwaka 1998, asubuhi moja tu, na hakuna aliyewaona tena. Familia ikashuka mlima bila kitu. Ikakaa Bujumbura, ikakaa kambini miaka mingi, na mwaka 2013 ikaletwa Minnesota, katika fleti ya vyumba viwili huko Richfield, mahali ambapo ndege zikishuka uwanjani hutikisa vikombe kabatini. Lakini Mukandayisenga hakuwahi kusema kwamba ng'ombe wamekwisha. Alisema wamechukuliwa. Kilichochukuliwa, kwa hesabu yake, kinaweza kurudishwa, na siku wakirudi ni lazima wakute nyumba safi.

Kwa hiyo kila siku saa kumi na mbili jioni, saa ambayo mlimani ng'ombe hurudi zizini, Ntwali alimpashia mama yake maziwa. Yalikuwa maziwa ya dukani, ya galoni yenye kifuniko chekundu, ambayo mama aliyaita maji ya kuoshea maziwa. Alimpa kikombe kwa mikono miwili. Mama akinywa nusu, alikuwa akitaja ng'ombe kwa majina, mmoja baada ya mwingine, bila haraka: Bihogo, Gaju, Gitare, Rugondo, Sine, mpaka wa thelathini na nne. Kisha humpa mwanawe nusu iliyobaki, naye huinywa akiwa amechuchumaa mbele yake.

Mwanamume wa miaka arobaini na minne, mwenye mke na mtoto, anachuchumaa kunywa masalia ya mama yake. Wapo waliocheka. Wacheke. Ntwali kutwa nzima alikuwa mtu wa kuitwa kwa jina lisilotamkika sawasawa, mtu wa kuonyeshwa kwa kidole cha kufanya. Dakika zile kumi za jioni ndizo pekee alizokuwa mtoto wa mtu mwenye ng'ombe. Aliogopa kuzipoteza kuliko alivyoogopa kupoteza nyumba.

Mwanzoni alifanya kazi Shakopee, kwenye ghala lile kubwa ambalo nusu ya Waafrika wa mashariki wa jimbo zima wamewahi kulitolea jasho. Alibeba maboksi miaka miwili, mgongo ukakataa. Alipopona alitafutiwa kazi ya kuosha vyombo katika mkahawa mdogo wa mama mmoja wa Kijapani, palepale Richfield, meza nane tu. Nyumbani alisema, "Mama, nimepata boulot kwa Mjapani. Ninaosha sahani."

"Wanapika nini?" mama akauliza.

"Wali, Mama."

Hakudanganya. Wali walipika. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema lolote kuhusu yule anayesema nusu ya kweli. Njia ya huyo ni ndefu, na Ntwali aliitembea miaka miwili.

Mwenye mkahawa aliitwa Onodera. Alikuwa na miaka sitini na minane, mfupi, mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Alitoka Hokkaido, kisiwa cha kaskazini kabisa mwa Japani, ambako alisema theluji ni kama ya Minnesota, ila huko watu hawailalamikii sana. Aliolewa na Mmarekani, Mmarekani akafa, yeye akabaki na Kiingereza cha kukatakata na mkahawa uliopika chakula kimoja tu cha maana. Chakula hicho kwao hukiita jingisukan. Ni nyama ya kondoo.

Aliyekwisha kula pale hasahau. Katikati ya kila meza palikaa kikaango kizito cha chuma, kilichovimba katikati kama mgongo wa kobe na kuchorwa mifereji. Kwanza kipande cha mafuta ya kondoo kiliwekwa juu kileleni, kikayeyuka na kupaka chuma chote. Kisha nyama ya bega, iliyokatwa nyembamba kiasi cha kuonyesha kidole upande wa pili, ikalazwa kwenye mwinuko, na maji yake yakateremka kwenye mifereji hadi pembeni, ambako kabichi, vitunguu, vipande vya boga na machipukizi ya maharagwe vilikuwa vikisubiri kulowa. Nyama haikukaa motoni ila muda wa kusema maneno mawili matatu. Ilichovywa kwenye mchuzi mweusi wa soya uliosagiwa tufaha, tangawizi na kitunguu saumu, ikaliwa na wali. Na moshi ulikuwa mwingi, moshi wa mafuta ya kondoo, unaoshika nywele na nguo na kukufuata mpaka kanisani. Ndiyo maana kila mteja alipoingia alipewa mfuko mkubwa wa plastiki atie koti lake na kulifunga, na aproni ya karatasi. Watu walikuja kutoka Saint Paul na hata kutoka Lakeville kwa ajili ya moshi ule.

Ntwali aliosha vikaango hivyo miezi minne. Halafu siku moja mkataji nyama hakuja, Onodera akawa anahangaika na bega la kondoo lililoganda nusu, na Ntwali, ambaye hakuweza kustahimili kuona mnyama akikatwa kinyume cha nyuzi zake, alinyoosha mkono akaomba kisu. Mfugaji ni mfugaji. Alikuwa amechinja na kupasua ng'ombe tangu ujana, na bega ni bega. Onodera alitazama vile vipande vikianguka, vyembamba na sawasawa, akasema, "Wewe umefuga."

"Ng'ombe," Ntwali akajibu.

"Sisi kondoo," akasema mama yule. Kuanzia kesho yake Ntwali alikuwa mkataji nyama.

Alijiambia kwamba mikono huoshwa, tumbo ndilo halioshwi. Kukata si kula. Hakuonja kamwe. Onodera alipomwambia mpishi sharti aonje, alimweleza kwa ufupi kwamba kwao ni mwiko, na mama yule hakuuliza tena, akawa anaonja kwa niaba ya wote wawili. Nguo zake za nyumbani Ntwali alizifungia katika mfuko wa plastiki wa wateja. Jioni alijisugua kwa limau mpaka viwiko, akabadilisha nguo, akaendesha gari madirisha wazi hata Januari, akifika nyumbani masikio yameganda. Mama alikuwa akimwonea huruma kwa baridi, akimfunika shingo kwa kitenge chake.

Mkewe, Emérance, ndiye pekee aliyejua. Alikuwa akimtazama anavyojinusa mikono mlangoni kabla ya kuingia. "La kuvunda halina ubani," alimwambia siku moja. "Siku Maman atajua, mimi sitakuwa mu hiyo mambo yako."

Mwaka 2017, mwezi wa tano, kaka yake Onodera alikufa Hokkaido. Alikuwa ndiye wa mwisho aliyebaki kwenye shamba la baba yao. Moyo wa Onodera ulikuwa na ugonjwa wake, daktari akamkataza safari ya ndege, kwa hiyo hakuzika. Siku ya mazishi huko kwao alifunga mkahawa mchana, akawasha kikaango kimoja, akawakalisha mezani Ntwali na Susan, mhudumu wake wa meza. Hakulia. Alipika, na huku akipika akasimulia. Baba yake alifuga kondoo wa sufu. Halafu sufu ikakosa bei, wanunuzi wakaacha kuja, na kondoo wakabaki wamesimama uwanjani wakizeeka. Baba yake aliwajua wote. Walianza kuwala mmoja mmoja majira ya baridi, na kila mara baba alitoka nje kwanza akalia, kisha akarudi ndani akala pamoja na watoto. Kaka yake ndiye aliyekuwa akimshikia taa.

Alipomaliza kusema aliweka kipande cha kwanza kwenye sahani ya Ntwali, akaisukuma sahani kwake kwa mikono miwili.

Hapo ndipo Ntwali alipobanwa. Kwao kondoo haliwi, lakini kwao pia chakula cha mfiwa hakikataliwi. Anayekikataa huwa amesema mbele ya watu wote kwamba kifo kile kina aibu ndani yake, na huo ni ubaya ambao hata adui hafanyiwi. Miiko miwili, yote ya mama mmoja, imekutana juu ya sahani moja, wala hapakuwa na mkubwa wa kumwuliza upi unatangulia. Alimtazama yule mama mfiwa, asiye na ndugu hata mmoja wa kukaa naye matanga isipokuwa mkata nyama na mhudumu. Akala.

Na aibu juu ya aibu, ilikuwa tamu. Ilikuwa laini, ina mafuta, ina utamu wa tufaha kwa mbali. Cha pili hakupewa. Alikichukua mwenyewe.

Saa kumi na mbili jioni alipasha maziwa kama kawaida. Mama akanywa nusu, akataja ng'ombe wake, akamnyooshea kikombe. Ntwali akakuta mikono yake haiendi. Kumdanganya mama kuhusu kazi ni jambo moja. Kutia mdomo huu kwenye kikombe kile, ng'ombe wangali masikioni, ni jambo lingine. Akasema neno la kwanza lililomjia.

"Mama, daktari amenikataza maziwa."

"Maziwa?"

"Maziwa yote. Tumbo langu halipatani nayo."

Sasa angalia kosa lake. Mtu mwingine yeyote wa Minnesota angeambiwa hivyo angesema pole, akaenda dukani kununua maziwa ya soya. Lakini Mukandayisenga alikuwa na karibu miaka themanini na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusikia ugonjwa ambao dawa yake ni kuacha maziwa. Mlimani hata aliyekuwa anakata roho alidondoshewa maziwa mdomoni. Aliyekatazwa maziwa alikuwa mtu ambaye madaktari wamemwachia Mungu na hawataki kumwambia. Alikiweka kikombe chini taratibu, akamtazama mwanawe aliyebakia, maana wengine watano walikwisha kufa na wa sita, Mutesi, alikuwa Kigali. Hakuuliza tena. Alianza kufunga.

Siku ya kwanza aliacha kula mchana. Siku ya pili alimpigia Mutesi simu, wakalia pamoja kwenye WhatsApp, kisha akampigia Pastor Rigobert. Pastor akaja kutoka Lakeville na magari mawili ya akina mama wa kwaya, wakajaa sebuleni. Ntwali alikuwa ametoka kazini muda si mrefu. Walimlaza kwenye sofa.

"Ndugu Ntwali, maumivu iko wapi?" Pastor akauliza.

"Hakuna maumivu sana, Pastor."

"Ndiyo zile mbaya," akasema mama mmoja wa kwaya, na wote wakaitika.

Mikono minane ikawekwa juu ya tumbo lake. Waliomba zaidi ya saa moja. Walikemea roho ya ugonjwa itoke katika matumbo yale, na Ntwali akiwa chini ya mikono ile aliwaza kwamba kilichomo tumboni ni vipande viwili vya bega la kondoo, vilivyokwisha kutoka vyenyewe. Emérance alikuwa amesimama jikoni anatazama ukuta.

Wangecheka, hao wawili, kama si mama. Kila alipoulizwa kula, Mukandayisenga alisema atakula mwanawe akinywa maziwa. Kutoka kufunga mchana akaenda kufunga kutwa na usiku, na mwisho akaacha hata maji, na huyo ni mzee mwenye presha anayemeza vidonge kwa chakula. Asubuhi ya Ijumaa Shekinah alimkuta ameanguka kwenye korido.

Kliniki walimtundikia maji. Daktari aliuliza kwa nini bibi hajala, na kwa kuwa Shekinah ndiye aliyekuwa karibu, alitafsiri. "Anasema baba yangu anakufa," alisema kwa Kiingereza, kisha akamgeukia baba yake. "Ni kweli?"

Ntwali hakujua kwamba mtoto naye amekuwa akilibeba jambo hilo. Alimshika kichwa akamwambia si kweli. Emérance alimvuta kando, pale penye mashine ya vinywaji.

"Utasema leo, ao nitasema mimi," alimwambia. "Unaua mama yako juu ya nyama."

Walipomrudisha nyumbani mchana ule, wakamketisha dirishani, Ntwali alipiga magoti. Alikuwa na hofu ambayo hakuwa nayo hata mbele ya watu wenye bunduki. Wale wangeweza kumwua tu.

"Mama, siumwi," alisema, kwa lugha yao ya mlimani. "Daktari hakunikataza kitu. Nimekula kondoo."

Akamweleza yote, kisu, limau, mfuko wa plastiki, miaka miwili. Ndege ikapita juu ya paa, vikombe vikalia kabatini, vikanyamaza.

"Huyo mwanamke alikuwa amefiwa kweli?" mama akauliza.

"Kaka yake. Na hakumzika."

"Basi usingeweza kukataa."

"Cha pili hakunipa, Mama. Nilijichukulia."

Mukandayisenga akauliza, "Ilikuwa tamu?"

Hapa Ntwali angeweza kudanganya, na uongo wake ungekuwa wa heshima. Lakini alikuwa amechoka nao. "Ilikuwa tamu, Mama."

Mama akajifunika uso kwa kitenge. Alipojifunua aliomba uji, akaunywa wote.

Jioni Ntwali alipasha maziwa. Mama akayapokea, akataja ng'ombe wake thelathini na wanne, akaendelea kunywa mpaka akamaliza kikombe, akakiweka dirishani. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Hakumfukuza, hakumnunia, aliuliza mgongo wake unaendeleaje, akamfunga kifungo cha shati. Ila kikombe alikimaliza mwenyewe. Ntwali alisimama mlangoni pa jikoni kama mgeni asiyekaribishwa, akisikiliza Bihogo na Gaju na Gitare wakiitwa nyumbani kwa zamu, na yeye hakuitwa. Iliuma. Hakuna namna nyingine ya kusema, iliuma, na asubuhi alikata nyama vibaya mpaka Onodera akamtoa kisu mkononi akampa chai.

Siku ya nne mama alisema, "Kesho utanipeleka kwa huyo mfiwa."

Ntwali alidhani anakwenda kuhani, na kweli alikwenda kuhani. Alivaa mshanana wake wa kanisani, lile vazi jeupe la kufungwa begani, na juu yake koti, maana mwezi wa tano kwake ulikuwa bado baridi. Walifika saa nane mchana, wateja wa mlo wa mchana wamekwisha kuondoka. Susan alimpokea koti, akalitia kwenye mfuko wa plastiki na kulifunga, na mama akatazama kitendo kile kwa makini, kisha akamtazama mwanawe, akaelewa madirisha wazi ya Januari. Onodera alitoka jikoni, akainama. Mukandayisenga alimshika mikono yote miwili, akaketi naye. Hawakuwa na lugha, na kilio hakidai lugha. Walikaa muda ule ambao watu hukaa.

Kisha mama akanyoosha kidole kwenye kikaango.

Ntwali alitishika. "Mama, si lazima. Wewe hukula naye siku ya msiba. Hakuna anayekudai."

"Nani amesema ninadaiwa?" Alizungumza polepole, macho yakiwa kwenye chuma kile cheusi. "Jioni nne nimekunywa peke yangu. Nimewaita, nikasikiliza. Nimekuwa safi kwa ajili yao miaka kumi na tisa, Ntwali, na hawakuja. Kama wako mahali, hawajui mimi niko wapi. Wewe uko hapa. Siwezi kukaa upande mmoja na ng'ombe wasiokuwapo, wewe nikuache upande wa pili. Kata nyama."

"Mama."

"Kata nyembamba. Meno yangu unayajua."

Alikwenda kukata. Hakuwahi kukata nyembamba vile, na hakuwahi kukata huku haoni vizuri. Onodera aliweka mafuta kileleni, moshi ukapanda, nyama ikageuka rangi. Hakuwa na habari ya lolote. Aliona mzee mgeni amekuja kula naye chakula cha marehemu wake, na sasa, baada ya siku zote zile, alianza kulia. Ntwali alipoza kipande kwa pumzi, akamlisha mama yake kwa mkono.

Mama alitafuna muda mrefu sana. Machozi yalimshuka hadi kwenye aproni ya karatasi, na hakuyafuta. Akameza. Susan akaenda kufungua dirisha, akidhani ni moshi.

"Kweli ni tamu," mama akasema. Akafungua mdomo apewe cha pili.

Njiani kurudi alitazama nyumba na miti ya watu. Ntwali aliendesha madirisha yamefungwa. Alikuwa na furaha fulani ya kijinga moyoni, kwamba leo, baada ya yote, watakunywa tena kikombe kimoja. Saa kumi na mbili ilipofika alipasha maziwa mengi kuliko kawaida, akamletea kwa mikono miwili, akachuchumaa.

Mama hakupokea. "Mpe Shekinah," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nimekula kondoo, mwanangu. Na wewe umekula. Mla kondoo hagusi maziwa." Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Si nilikwambia tutakuwa upande mmoja? Njoo ukae."

Shekinah aliitwa, akapokea kikombe, akanywa akiwa amesimama huku anatazama simu, akaondoka nacho. Ntwali akakaa kando ya mama yake. Alisubiri. Dakika zikapita, ndege moja, ndege ya pili, na mama ametulia na mikono mapajani. Ndipo akaelewa kwamba hataanza. Basi akaanza yeye, kwa sauti ya kumchokoza, kama mtu anayemwanzishia mwenzake wimbo.

"Bihogo. Gaju. Gitare..."

Mama akamwekea mkono juu ya goti.

"Waache," akasema. "Usiwaite tena. Hakuna wa kuwakamua."

Akaomba chai isiyo na maziwa, na Ntwali akaenda jikoni kuichemsha huku akilia.